Amfoterisini B ya Liposomu Wodini: Mwongozo Kamili wa Kuandaa na Kutoa Dozi Moja kwa Homa ya Uti wa Mgongo ya Kriptokokasi

Mgonjwa mwenye VVU anayefikishwa hospitalini kutoka Nanyumbu, Liwale au Tandahimba akiwa na maumivu ya kichwa ya wiki kadhaa, homa, kutapika na kuchanganyikiwa, mara nyingi amekwisha kutibiwa malaria zaidi ya mara moja kabla mtu hajafikiria kumpima antijeni ya fangasi aitwaye kriptokokasi. Kipimo kikitoka chanya na maji ya uti wa mgongo yakathibitisha kuwa fangasi amefika kwenye utando wa ubongo, dawa anayohitaji ni miongoni mwa vibebadawa vya nano vichache ambavyo mhudumu wa kawaida wa mikoa ya Mtwara na Lindi anaweza kuvishika kwa mikono yake: amfoterisini B iliyofungwa ndani ya liposomu, yaani vipira vidogo mno vya mafuta.

Mwongozo huu umekusudiwa wafamasia, wauguzi na matabibu wanaomhudumia mgonjwa mtu mzima. Hauchukui nafasi ya mwongozo wa taifa wala maagizo ya daktari aliye kitandani kwa mgonjwa. Unachofanya ni kueleza namna ya kuifikisha dawa hii kwenye mshipa ikiwa bado nzima, kwa kuwa faida zote zinazotajwa juu yake zinategemea hilo, na kinachoiharibu ni vitu vya kila siku wodini, yaani chumvi, joto na maji yaliyopimwa kwa mazoea.

Kwa nini dawa ifungwe ndani ya mafuta

Amfoterisini B ilipatikana katika miaka ya 1950 kutoka kwa bakteria wa udongo aitwaye Streptomyces nodosus, aliyetoka eneo la mto Orinoco nchini Venezuela. Huua fangasi kwa kushikamana na ergosteroli iliyo kwenye utando wa seli zake, ila hushikamana pia, ingawa kwa nguvu ndogo, na kolesteroli ya seli zetu, na figo ndizo zinazolipa gharama. Zaidi ya hayo, molekuli yake ni kubwa, karibu daltoni 924, haiyeyuki vizuri majini, na haipenyi kirahisi kizuizi kati ya damu na ubongo. Kizuizi hicho si ukuta mmoja unaoweza kuuonyesha kwa kidole. Ni seli za mishipa midogo ya damu ya ubongo, zilizobanana kiasi kwamba hakuna upenyo kati ya moja na nyingine, na zenye pampu zinazorudisha kwenye damu kemikali nyingi zinazojaribu kupita.

Aina ya kawaida ya dawa hii, iliyochanganywa na deoksikoleti, huachia molekuli mapema kwenye damu. Ukiongeza dozi ili sehemu kubwa zaidi ifike kwenye ubongo, unaziua figo kabla ya kumuua fangasi. Ndiyo maana dozi yake ya siku ni miligramu 1 kwa kilo na haitakiwi kuvuka miligramu 1.5 kwa kilo.

Liposomu, ambazo Alec Bangham na wenzake walizieleza huko Cambridge katika miaka ya 1960, zilifungua njia nyingine. Katika dawa hii ni vipira vya kipenyo kisichofika nanomita 100, vyenye ukuta wa tabaka mbili za mafuta ya fosfolipidi pamoja na kolesteroli, na amfoterisini imekaa ndani ya ukuta huo wenyewe, si katika maji yaliyo katikati. Sehemu ya mafuta hayo ina chaji hasi ya umeme, na chaji hiyo ndiyo inayofanya vipira visukumane badala ya kugandana. Vikiwa kwenye damu, ukubwa wake hauviruhusu kuchujwa na figo, na dawa hubaki mahali pake hadi vipira vinapokutana na fangasi, ambaye ergosteroli yake huivuta amfoterisini kwa nguvu kuliko kolesteroli ya kipira.

Wauzaji wa maneno makubwa kuhusu nano hupenda kusema kwamba kibebadawa huvunja kizuizi cha ubongo. Hiki hakivunji. Kiasi cha amfoterisini kinachopimwa katika maji ya uti wa mgongo hubaki kidogo. Kinachotokea ni kwamba figo zikilindwa, dozi inaweza kupandishwa hadi miligramu 10 kwa kilo kwa mara moja, damu ikajaa dawa, na tishu za ubongo zikapata kiasi cha kutosha ambacho hukaa kwa muda mrefu. Majaribio ya sungura yalionyesha hivyo kabla ya kujaribiwa kwa binadamu. Sehemu iliyobaki ya kazi hufanywa na vidonge vya flusitosini na flukonazoli, ambazo molekuli zake ni ndogo na hupita kwenye ubongo vizuri. Kwa hiyo anayetoa liposomu halafu akakosa kusimamia vidonge ametoa nusu ya tiba.

Ushahidi unatoka hapa hapa Afrika. Jaribio la AMBITION, lililofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2022, lililinganisha dozi moja ya liposomu pamoja na vidonge kwa siku 14 na tiba iliyokuwa ikitumika ya dripu za kila siku kwa wiki nzima. Katika wiki 10, wagonjwa 101 kati ya 407 walifariki kwenye kundi la dozi moja, na 117 kati ya 407 kwenye kundi lingine. Madhara makali yalikuwa asilimia 50.0 dhidi ya asilimia 62.3. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kuwa tiba ya kwanza. Kwa wodi yenye muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, tofauti kati ya dripu moja na dripu saba si jambo dogo hata kama vifo vingelingana.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni kichupa chenyewe

Nianze na kosa linaloua. Vichupa vya aina zote mbili vina miligramu 50, vyote vina unga wa njano, na vyote vimeandikwa amfoterisini B. Mgonjwa wa kilo 46 aliyeandikiwa miligramu 460 za liposomu, akipewa miligramu 460 za aina ya kawaida, amepewa mara kumi ya dozi yake, na moyo unaweza kusimama dripu ikiwa bado inashuka. Hakuna liposomu ya kumkinga.

Kwa sababu hiyo daktari asiandike "amfoterisini" peke yake. Neno "liposomu" liandikwe kwa ukamilifu kwenye faili, kwenye karatasi ya kuombea dawa na kwenye kibandiko cha dripu. Mfamasia asiziweke aina hizo mbili kwenye rafu moja. Kabla ya kufungua kichupa, watu wawili wasome kwa sauti jina lote lililo kwenye boksi na kwenye kichupa chenyewe, mmoja akiwa si yule aliyekwenda kukichukua. Kama boksi limepotea na kibandiko kimefutika, kichupa hicho hakitumiki.

Hatua ya pili: hifadhi katika joto la pwani

Zipo liposomu ambazo mtengenezaji anaruhusu zikae kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na zipo zinazotaka friji ya nyuzi 2 hadi 8. Muonekano haukuambii ni ipi. Kibandiko ndicho kinachosema, na shehena mpya inaweza kutoka kwa mtengenezaji tofauti na wa shehena iliyopita. Wanaofanya kazi Mtwara mjini, Mikindani au Lindi mjini wanajua kuwa kuanzia Novemba hadi Machi chumba kisicho na kiyoyozi hakikai chini ya nyuzi 25 hata usiku, kwa hiyo "joto la kawaida la chumba" la kwenye maandishi si joto la chumba chetu. Weka kipimajoto ndani ya kabati lenyewe, si ukutani karibu na mlango, na kiandikwe asubuhi na jioni. Umeme ukikatika, friji isifunguliwe ovyo, na anayepokea zamu aambiwe ulikatika saa ngapi.

Kugandisha ni kubaya kuliko joto. Barafu hupasua ukuta wa liposomu, na dawa ikishayeyuka tena inaweza kuonekana kwa macho kama haina tatizo. Unapopeleka vichupa kutoka ghala la mkoa kwenda Newala au Masasi kwa kisanduku baridi, vibunda vya barafu viachwe kwanza vianze kutoa jasho, kisha viwekewe kadibodi ili visigusane na maboksi. Vichupa vibaki ndani ya maboksi yake, maana mwanga nao hauifai dawa hii.

Kuhusu akiba, mwaka 2018 kampuni ya Gilead ilitangaza bei ya dola za Marekani 16.25 kwa kichupa kwa nchi 116 za kipato cha chini na cha kati. Mgonjwa mmoja hutumia takribani vichupa kumi, hivyo hospitali haiwezi kuvirundika, lakini haiwezi pia kusubiri mgonjwa afike ndipo iagize. Mwezi Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoharibu barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam eneo la Somanga, kila kilichokuwa kikija kusini kwa lori kilikwama. Akiba ya angalau wagonjwa wawili kabla ya masika ni busara. Flusitosini nayo iagizwe kwa hesabu hiyo hiyo, kwani ndiyo husahaulika.

Hatua ya tatu: uzito na hesabu

Pima uzito, usikadirie kwa macho. Mgonjwa asiyeweza kusimama na aliyekonda abebwe na ndugu yake kwenye mizani, kisha ndugu apimwe peke yake na uzito wake utolewe. Kosa la kilo 8 ni miligramu 80, yaani zaidi ya kichupa kimoja na nusu.

Chukua mgonjwa wa kilo 46. Kilo 46 mara miligramu 10 ni miligramu 460. Kila kichupa kikiyeyushwa kwa mililita 12 za maji ya sindano hutoa miligramu 4 kwa kila mililita. Kwa hiyo 460 gawanya kwa 4 ni mililita 115 za mchanganyiko, na utahitaji kufungua vichupa kumi, cha mwisho kikitumika sehemu tu. Daktari akiamua dozi ikadiriwe hadi kichupa kizima kilicho karibu, aandike namba hiyo mpya yeye mwenyewe kwenye faili. Uamuzi huo usifanywe na anayeandaa dawa.

Hatua ya nne: figo, maji na potasiamu

Chukua damu ya kreatinini, potasiamu na hesabu kamili ya damu kabla ya kuanza. Majibu ya maabara yakichelewa, tiba isichelewe nayo siku nzima, isipokuwa una sababu ya kuamini kuwa figo zimekwisha kushindwa. Hapo daktari aamue.

Mwenye figo zinazofanya kazi hupewa kwanza lita moja ya seline (maji ya chumvi) yenye milimoli 20 za potasiamu kloraidi kwa saa mbili. Potasiamu ya kwenye ampuli haisukumwi kamwe moja kwa moja kwenye mshipa. Huingizwa kwenye chupa ya seline, chupa ikageuzwa juu chini mara kadhaa ili potasiamu isikae chini karibu na mpira, na ndipo itundikwe. Ampuli za potasiamu hutofautiana kwa ukali, hivyo soma idadi ya milimoli na si idadi ya mililita. Baada ya dozi, vidonge vya potasiamu vya milimoli 8, viwili asubuhi na viwili jioni, huendelea kwa siku tatu kama potasiamu na figo zinaruhusu.

Hatua ya tano: kuyeyusha

Nawa mikono, vaa glovu, safisha meza kwa spiriti, funga feni. Feni inayopeperusha vumbi juu ya vichupa kumi vilivyo wazi ni tatizo ambalo hatulioni kwa sababu ya joto.

Ampuli ya maji ya sindano iliyozoeleka ina mililita 10, na hapo ndipo mkono wa mazoea unapopotea: muuguzi huvunja ampuli moja, akaivuta yote, akaiingiza kwenye kichupa. Kwa aina ya kawaida ya amfoterisini, mililita 10 ndicho kipimo sahihi. Kwa liposomu ni mililita 12. Ukiweka 10, mchanganyiko unakuwa mkali kuliko unavyofikiri, na zile mililita 115 za hesabu yako hazina tena miligramu 460. Vuta 10 kutoka ampuli ya kwanza, ongeza 2 kutoka ya pili, tazama mstari wa bomba la sindano usawa wa macho, ndipo uingize. Yawe maji ya sindano tu. Seline haitumiki, wala maji yenye dawa ya kuzuia bakteria.

Mara tu maji yanapoingia, tikisa kichupa kwa nguvu kwa sekunde 30. Dawa nyingi za unga tumefundishwa kuzizungusha polepole ili zisitoe povu, hii sivyo. Unga huu ni liposomu zilizokaushwa, na zinahitaji msukosuko ili zirudi kuwa vipira vilivyotawanyika. Tikisa kila kichupa mara baada ya kukiwekea maji, kabla ya kwenda kwenye kinachofuata. Kinachotakiwa kuonekana ni kimiminika cha njano kinachopitisha mwanga kwa mbali, bila punje. Kishike mbele ya dirisha, kiinamishe, na tazama kwenye mabega ya kichupa, chini kidogo ya kizibo, ambako unga usiolowa hupenda kujificha. Ukiuona, tikisa tena hadi utoweke.

Hatua ya sita: kuchuja na kuchanganya na dekstrozi

Ndani ya boksi huwamo chujio dogo lenye matundu ya maikroni 5. Vuta dawa kwenye bomba la sindano, toa sindano, funga chujio, kisha sukuma dawa kupitia chujio kuingia kwenye chupa ya dekstrozi ya asilimia 5. Liposomu hazifiki hata maikroni 0.1, kwa hiyo hupita bila taabu, huku vipande vya mpira wa kizibo na unga ulioshindikana vikibaki. Chujio moja ni la kichupa kimoja. Lile lililotumika kwa kichupa cha kwanza lisilazimishwe kwa vichupa kumi. Na kama mpira wa dripu una chujio lake, matundu yake yasiwe chini ya maikroni 1.

Dawa iliyochanganywa iwe kati ya miligramu 0.2 na miligramu 2 kwa mililita. Kwa mgonjwa wetu, toa mililita 115 kwenye chupa ya dekstrozi ya mililita 500, uzimwage, kisha ingiza mililita 115 za dawa. Utapata miligramu 0.92 kwa mililita, katikati ya mipaka. Chupa ya mililita 250 ikitumiwa kwa namna hiyo hiyo hutoa miligramu 1.84, ambayo inaruhusiwa lakini haikuachii nafasi ya kukosea.

Kwa nini isiwe seline? Rejea kwenye ile chaji hasi inayovisukuma vipira visigusane. Chumvi ikiingia, chembe zake zenye chaji hufunika chaji ya liposomu, vipira husogeleana na kushikamana, na dawa hukatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Wakati mwingine utaona mawingu au vipande. Wakati mwingine mashada ni madogo mno kwa jicho lakini makubwa ya kutosha kukwama kwenye mishipa midogo ya mapafu. Dawa iliyogusana na seline hutupwa, hata kama ndiyo ya mwisho ghalani.

Mchanganyiko wa ndani ya kichupa unaweza kukaa hadi saa 24 kwenye friji, lakini ukishauchanganya na dekstrozi, dripu ianze ndani ya saa 6. Usiandae basi asubuhi dawa itakayotolewa usiku. Andika kwenye chupa jina la mgonjwa, neno liposomu, miligramu, saa ya kuchanganya na majina ya walioandaa wawili.

Hatua ya saba: mpira uliopitisha seline

Hatua hii ni fupi na ndiyo inayoharibu kazi nzuri ya hatua zote zilizotangulia. Mgonjwa ametoka kupewa lita moja ya seline yenye potasiamu, na mpira wa dripu umejaa chumvi hiyo. Ukichomoa chupa ya seline na kuchomeka chupa ya liposomu, dawa inakutana na seline ndani ya mpira, mbele ya macho yako, sentimita chache kutoka kwenye mkono wa mgonjwa. Njia bora ni mpira mpya uliojazwa dekstrozi tangu mwanzo. Kama mpira mpya haupo, pitisha dekstrozi ya kutosha kusafisha mpira wote, kitoneshi na kanula. Kanula yenyewe isisafishwe kwa sindano ya seline kama ilivyo desturi, na hakuna dawa nyingine, iwe antibayotiki au ya kutapika, itakayoingizwa kupitia mpira huo hadi dripu iishe na dekstrozi ipite tena.

Hatua ya nane: dozi ya majaribio na dripu yenyewe

Mruhusu takribani miligramu 1 iingie polepole kwa muda wa hadi dakika 10 (kwa mchanganyiko wetu ni kama mililita moja tu), kisha funga na umtazame mgonjwa kwa nusu saa. Adrenalini iwe imeshavutwa karibu au angalau ampuli iwe mkononi, mililita 0.5 ya moja kwa elfu, ya kuchoma kwenye msuli wa paja. Akitulia, endelea kwa saa mbili. Kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, mililita 500 kwa saa mbili ni matone 83 kwa dakika; hesabu kwa saa yenye mshale wa sekunde, na rudi kuhesabu tena baada ya robo saa, kwani mgonjwa akikunja mkono kasi hubadilika.

Kaa kitandani dakika za mwanzo. Zipo dalili zinazotokea ndani ya dakika chache tangu dripu ianze: maumivu ya mgongo, kifua kubana, uso kuwa mwekundu. Zinatisha, ila mara nyingi huondoka mara tu unapofunga dripu, na dawa huweza kuendelezwa kwa kasi ndogo zaidi daktari akiridhia. Homa na kutetemeka vinaweza kuja baadaye. Parasetamoli na blanketi husaidia. Presha kushuka, mlio kifuani au uvimbe wa midomo ni jambo jingine: funga, choma adrenalini, ita msaada, na usiirudishe dawa hiyo.

Ndugu nao wana macho. Mama aliyemleta mwanawe kutoka Ruangwa ataiona chupa ya njano na kuuliza, "Mwanangu, dripu hii mbona imeoza?" Ajibiwe kwa heshima na kwa ukweli: "Haijaoza, mama. Hiyo ndiyo rangi ya dawa yenyewe. Itapita kwa saa mbili, na hii ni ya mara moja tu, vinavyobaki ni vidonge. Ukimwona anatetemeka au analalamika mgongo, niite hapo hapo, usisubiri." Mama aliyeelezwa hivyo ni jicho la pili kitandani wakati muuguzi yuko kwa mgonjwa mwingine.

Hatua ya tisa: siku kumi na nne za vidonge

Flusitosini ni miligramu 100 kwa kilo kwa siku, ikigawanywa mara nne. Kwa kilo 46 ni miligramu 4,600 kwa siku, na daktari ataigawa kulingana na vidonge vya miligramu 500 vilivyopo. Flukonazoli ni miligramu 1,200 mara moja kwa siku. Dozi ya saa sita usiku ndiyo hukosekana, hasa Oktoba hadi Desemba ambapo ndugu huondoka kwenda kuokota korosho na mgonjwa hubaki peke yake, akiwa hajui hata ni saa ngapi. Zamu ya usiku iikabidhi dozi hiyo kama inavyokabidhi sindano, kwa saini, na mgonjwa ameze mbele ya muuguzi. Asiyeweza kumeza apitishiwe kwa mpira wa puani.

Flusitosini hushusha chembe za damu, na hujikusanya mwilini figo zinapolegea. Rudia kreatinini, potasiamu na hesabu ya damu mara mbili kwa wiki, na figo zikishuka, dozi ya flusitosini ipunguzwe.

Maumivu ya kichwa yanayozidi baada ya dripu si dalili kwamba dawa imeshindwa. Mara nyingi ni shinikizo la maji ya ubongo, na tiba yake ni kutoa maji ya uti wa mgongo, hata kila siku ikibidi: shinikizo likizidi sentimita 25 za maji, maji yatolewe hadi lishuke chini ya 20, au hadi nusu ya lilivyokuwa kama lilikuwa juu sana. Deksamethasoni isitumike kwa ajili hiyo; jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilisimamishwa kwa sababu iliwadhuru wagonjwa.

Hatua ya kumi: kumrudisha kwenye CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU)

Baada ya siku 14 mgonjwa huhamia flukonazoli miligramu 800 kwa siku kwa wiki nane, halafu miligramu 200 kwa siku. Dawa za kufubaza VVU, kwa ambaye hajaanza, husubiri wiki nne hadi sita tangu tiba ya fangasi ianze, kwa kuwa zikianzishwa mapema kinga inayofufuka ghafla inaweza kuuwasha ubongo moto. Mhudumu wa CTC kijijini asiyejua hili ataziandika siku ile ile mgonjwa anapofika, tena kwa nia njema.

Barua ya kumruhusu iandike basi mambo haya kwa maneno kamili: tarehe ya dripu ya amfoterisini ya liposomu na miligramu zilizoingia, kreatinini ya mwisho, flukonazoli ya sasa na tarehe ya kushusha dozi, tarehe ya kwanza inayoruhusiwa kuanza au kurudia dawa za kufubaza VVU, na namba ya simu ya wodi. Nakala moja ibaki kwenye faili, nyingine ashike ndugu, na ya tatu ipigwe picha na kutumwa kwa mratibu wa CTC kabla mgonjwa hajapanda gari.